Nchi kwanza au mwanamke kwanza? Mi naona ni kitu kimoja

Wadau, jana jamaa kaandika eti mambo ya ukombozi wa mwanamke yasubiri, nchi ijikomboe kiuchumi kwanza ndo tuje kwa akina mama. Mi nipo Tabora na napinga. Hapa hapa mjini, Januari 1958, TANU, chama kilichodai uhuru, ilikaa ikabishana kuhusu kura tatu ya serikali ya mkoloni, ile ya kila mpiga kura kuchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mhindi mmoja, na ili upige lazima uwe na kipato au elimu au cheo fulani. Sasa wale akina mama waliokuwa wanahamasisha watu na Bibi Titi, kiongozi wa akina mama wa TANU, wangapi walikuwa na hivyo vitu? Wamekibeba chama, karatasi ya kura ikawapita.

Niwape ya nyumbani. Mama yangu kalima tumbaku miaka na miaka. Wakati wa kuchoma analala mlangoni kwa bani, banda la kukaushia tumbaku, karibu wiki nzima, kila saa anachungulia kipimajoto, maana moto ukizidi kabla ya wakati jani linaharibika, na jani lenyewe akilishika tu anakwambia gredi kabla mteuzi, yule anayepanga madaraja ya tumbaku, hajafika. Ila kitabu cha chama cha msingi cha ushirika kina jina la baba, hela ya soko inaingia kwa baba. Baba alipofariki, msimu uliofuata pembejeo kapewa baba mdogo, eti mwanachama ni marehemu na shamba ni la ukoo. Na miembe ya shamba hilo kaipanda mama kwa mkono wake, aisee.

Na sheria ipo! Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inasema mila inayomnyima mwanamke ardhi haina nguvu, na baraza la ardhi la kijiji ni watu saba, angalau watatu wawe wanawake. Siku ya kesi ya mama nilimuona mmoja tu, na ndo huyo aliyetumwa kwenda kuazima benchi.

Naongezea baada ya kusoma majibu: kuna aliyesema binti akipewa shamba ataolewa alipeleke ukoo mwingine. Sawa, na kaka yangu aliyeuza ekari mbili akanunua pikipiki, hizo ekari ziko ukoo gani sasa hivi? Na yule wa "mwanamke ndo nyumba, mwanaume ndo shamba", ndugu yangu njoo huku mwezi wa kwanza uone nani kainama na jembe.

Kiswahili chenyewe neno nchi lilimaanisha hata ardhi, ndo maana tunasema nchi kavu. Unaikomboaje nchi halafu anayeilima hana hata tuta lenye jina lake?

Walioko Urambo, Kaliua, hata Kasulu huko kwenye mihogo, kitabu cha chama chenu kina majina ya wanawake wangapi? Hesabuni, wajane muwaweke pembeni.