Mjadala: Ofa ya 76.55 ilishindwa na ya 65. Je, mwanahisa mdogo alikosea kusubiri?

Mleta hoja:

Nauleta mjadala huu kwa sababu ule mvutano wa kuinunua Bamburi Cement mwaka 2024 bado unatugawa kila watu wa hisa wanapokutana. Wako wanaosema aliyeuza mapema ndiye aliyekuwa na akili. Wako wanaosema mwanahisa mdogo aliporwa mchana kweupe. Mimi nina msimamo, nautoa hapa, mnaotaka kunipinga nipingeni.

Kwa ambaye hakufuatilia: Julai 2024 Amsons, kampuni ya Tanzania, ilitangaza kwamba inataka kuinunua Bamburi yote kwa shilingi 65 za Kenya kwa kila hisa. Katika Soko la Hisa la Nairobi hisa hiyo ilikuwa ikiuzwa kwa takriban 45. Holcim ya Uswisi, iliyoshikilia asilimia 58.6, ilikuwa tayari kuuza. Mwezi uliofuata ikajitokeza Savannah Clinker, kampuni ya Kenya, na ofa ya 70, kisha ikapandisha hadi 76.55. Hapo ndipo kila mwenye akaunti ya hisa akageuka mtabiri. Muda wa kupokea ofa ulipokaribia kwisha, Savannah ikajiondoa ikitaja kukamatwa kwa mwenyekiti wake. Desemba Amsons ikamaliza ikiwa na asilimia 96.54 ya hisa, kwa bei yake ileile ya 65.

Chama chetu kilikuwa na hisa hizo kwa miaka. Ofa ya kwanza ilipokuja, mweka hazina alitaka tuuze. Mimi ndiye niliyesimama kikaoni nikasema tungoje, na ofa ya pili ilipofika nikasema tuongeze. Tukaongeza, kwa bei iliyozidi 65. Kwa hiyo sisemi kama mtu aliyekaa pembeni.

Baada ya kuyatafakari yale, naona tulipiga hesabu ya bei tukasahau kupiga hesabu ya hisa. Ukitoa asilimia 58.6 za Holcim, zinabaki 41.4. Hata kama kila mmoja wetu, kuanzia mifuko ya pensheni hadi mwenye hisa 100 za urithi, angempa Savannah hisa zake zote, asingefika nusu. Aliyenunua hisa za Bamburi kwa 70 mwaka ule hakuwa akikisia thamani ya saruji. Alikuwa akikisia kwamba mtu mmoja, mwenye hisa nyingi kuliko sote, atabadilisha nia. Nani kati yetu alilisema hilo kwa sauti kabla ya kuweka pesa?

Tuchukue huyo wa 70. Savannah ikishinda, anapata 6.55 kwa kila hisa. Ikishindwa, anapokea 65, amepoteza 5. Hata kabla ya kumlipa wakala kamisheni yake, Savannah ingehitaji kushinda zaidi ya mara 43 katika kila 100 ndipo asipate hasara. Na kuna mlango wa tatu ambao hatukutaka hata kuutazama: wote wawili wajiondoe na hisa irudi 45. Hapo hasara ni 25. Kutafuta 6 huku umeweka 25 rehani, na funguo ziko mfukoni mwa mtu mwingine!

Lakini siwezi kusema kusubiri ni ujinga siku zote, maana tunayo Rea Vipingo. Mwishoni mwa 2013 waliokuwa tayari na hisa nyingi katika kampuni ile ya mkonge walitaka kuwanunua wengine wote kwa shilingi 40. Centum, kampuni ya uwekezaji ya Kenya, ikaingia kwa bei ya juu zaidi, wakashindana, na bei ikafika 85. Aliyekimbilia 40 aliacha zaidi ya nusu ya pesa mezani. Tofauti naiona hapa: wakubwa wa Rea walikuwa na kampuni tayari, walichokosa ni zile hisa za wadogo ili waitoe sokoni. Mdogo alikuwa na kitu ambacho mkubwa hawezi kukipata kwingine. Kwa Bamburi, alichohitaji mnunuzi kwanza kabisa kilikuwa kwa Holcim.

Swali langu basi: katika vita vya namna hii mwanahisa mdogo anapaswa kuingia kununua, au kazi yake iwe kuuza tu alichonacho?


Mchangiaji wa kwanza:

Ndugu mleta hoja, unajihukumu kwa matokeo. Bamburi ina hisa kama milioni 363. Tofauti ya 76.55 na 65 kwa fungu la Holcim ni zaidi ya shilingi bilioni 2.4. Mtu mwenye akili timamu akisema muuzaji hawezi kuziacha bilioni 2.4 hivi hivi, huyo si mcheza kamari. Alikisia vizuri, likatokea la kutokea.

Tena kumbuka Twitter. Aprili 2022 Elon Musk alikubali kuinunua kwa dola 54.20. Julai akasema anajitoa, na tarehe 11 hisa ikafunga kwa 32.65. Watu wakakimbia. Waliobaki, na wale waliothubutu kununua siku ile, Oktoba walilipwa 54.20 kamili. Ukiwaambia wadogo wakae mbali, unawaachia mifuko mikubwa faida yote.


Mchangiaji wa pili:

Mimi niliuza sokoni ofa ya pili ilipotangazwa, kwa bei iliyozidi 65. Sikungoja ofa yoyote. Aliyenunua kutoka kwangu ndiye aliyebeba wasiwasi wote wa miezi iliyofuata. Kwa hiyo nawaomba msiwatukane walanguzi, hao wanaonunua hisa wakikisia kwamba bei itapanda. Bila wao mimi ningepewa 65 pamoja na wengine wote.


Mchangiaji wa tatu:

Naomba tuongee pia juu ya watu ambao hawakukisia chochote. Marehemu baba alituachia hisa, za kampuni nyingine lakini hadithi ni hiyo hiyo. Ofa ilipokuja, mama aliletewa waraka wa kurasa nyingi, wote kwa Kiingereza cha mawakili. Kulikuwa na fomu ya kukubali na tarehe ya mwisho. Mama anasoma Kiswahili vizuri, anasoma magazeti kila siku. Waraka ule ulimshinda. Alinipigia simu akiuliza kama hiyo ni barua ya kumnyang'anya hisa za mumewe. Nilikuwa mbali, nikamwambia angoje nirudi, na tarehe ikapita.

Mnabishana juu ya funguo ziko kwa nani. Mama hakujua hata kama kuna mlango. Kama mnunuzi anataka hisa za mwananchi, kwa nini asilazimishwe kuandika kurasa mbili za Kiswahili: nani ananunua, kwa bei gani, nani mwenye hisa nyingi na ameshaahidi nini, na usipojibu kitatokea nini? Hilo Mamlaka ya Masoko ya Mitaji inaweza kulidai kesho asubuhi.


Mchangiaji wa nne:

Mnasahau jambo moja. Uwanja wenyewe hauko sawa. KenolKobil, kampuni ya mafuta ya Kenya, 2018: kabla Rubis ya Ufaransa haijatangaza kwamba inaitaka, hisa zilinunuliwa kwa kasi ambayo si ya kawaida, mpaka mamlaka ikachunguza na kuzuia baadhi ya akaunti. Maana yake wapo wanaocheza mchezo huu wakiwa wameshaona karata. Mdogo anayesoma tangazo gazetini Jumatatu anakuta wenzake walishanunua Ijumaa. Jibu langu kwa swali lako: akae nje.


Mleta hoja:

Nianze na mama, kwa sababu nimelisoma lile mara mbili. Dada, wewe umeniuliza swali zito kuliko langu. Nimeupitia waraka wa ofa mwenyewe, nami nimezoea mambo haya, na habari ya nani ameahidi nini inakaa katikati ya aya ndefu ambapo jicho huteleza. Ingewekwa ukurasa wa kwanza kwa Kiswahili, nusu ya ubishi wetu wa kikaoni usingekuwepo. Naunga mkono hoja yako kwa moyo wote.

Ndugu wa bilioni 2.4, hesabu yako ni sahihi, na ndiyo hasa iliyonidanganya mimi. Muuzaji mkubwa hapimi bei peke yake. Anapima pia kama pesa itafika, lini, na kama wasimamizi watakubali. Shilingi 65 kutoka kwa mtu mliyekwisha kukaa naye mezani zinaweza kuwa nzito kuliko 76.55 zenye maswali. Sisi wadogo tulitazama tarakimu kubwa tukaona ndiyo bora.

Na Twitter hainisaidii kukubaliana nawe, samahani. Musk alikuwa ameshatia sahihi mkataba, na Twitter ilimpeleka mahakamani Delaware ili aulipe. Aliyenunua kwa 32.65 alikuwa na karatasi ya kushikilia. Linganisha na Yahoo mwaka 2008. Microsoft ilitoa dola 31 kwa kila hisa, ikafika 33, wakuu wa Yahoo wakataka 37. Hapakuwa na mkataba, ofa tu. Mwezi Mei Microsoft ikaondoka, na kabla ya mwaka kwisha hisa ilikuwa imeshuka chini ya 10. Savannah kwetu ilikuwa ofa, kama ile ya Microsoft.

Hata mkataba wenyewe hautoshi. Mwaka 2022 wenye hisa za shirika la ndege la Spirit walikuwa na wachumba wawili, Frontier na JetBlue. Ofa ya JetBlue ilikuwa kubwa zaidi, dola 33.50 taslimu, wakaikimbilia. Wapo walioonya tangu mwanzo kwamba serikali ya Marekani haitakubali muungano ule. Januari 2024 mahakama ikauzuia kwa sababu za ushindani, hisa ikapoteza karibu nusu ya thamani yake kwa siku moja, na Novemba mwaka huo Spirit ikaomba ulinzi wa mufilisi. Ukiacha malipo madogo waliyopewa njiani, ile bei kubwa haikufika mkononi. Iliyowavutia zaidi ndiyo iliyokuwa na mlango mwembamba zaidi.

Kuhusu walanguzi, dada uliyeuza sokoni, nakubali na ninakushukuru. Sikuwa nimeliona hivyo. Huenda wewe uliniuzia mimi.


Mchangiaji wa kwanza:

Sawa kuhusu Yahoo. Lakini bado hujajibu Rea Vipingo ya kwako mwenyewe. Siku ya kwanza, shilingi 40 mezani, wenye wingi wa hisa ndio wanaonunua. Kwa kanuni yako ya funguo, mdogo angesema hana nguvu, auze. Na angekosea vibaya. Kanuni inayokwambia uuze kwa 40 kitu kitakachofika 85 ina kasoro.


Mleta hoja:

Hapana, kanuni ingemwambia asubiri, kwa sababu swali si nani mwenye hisa nyingi. Swali ni mnunuzi anakosa nini na nani anacho. Rea walikosa hisa za wadogo, na Centum ilitaka kilichokuwa chini ya mkonge wenyewe, ardhi ya Vipingo. Pesa mbili za kweli zikigombania kitu ambacho wadogo wanacho, mdogo akae kitako.

Ila nakubali kwamba siku ya kwanza si rahisi kuyaona haya. Nikikutana nayo tena nitafanya hivi: sinunui hisa mpya kwa sababu ya ofa ambayo haina mkataba. Nilizonazo, nusu nauza sokoni bei ikipita ofa iliyo na uhakika, kama alivyofanya dada. Nusu nyingine nasubiri nayo.


Mchangiaji wa pili:

Hiyo nusu ya pili utaisubiri mpaka lini? Mnunuzi akifikisha asilimia 90 ya hisa alizozitolea ofa, sheria ya kampuni ya Kenya inamruhusu kuzichukua zilizobaki kwa masharti ya ofa, upende usipende. Amsons ilifika 96.54.


Mchangiaji wa tatu:

Na hilo liandikwe pia kwenye zile kurasa mbili za Kiswahili. Mama alidhani asiposaini, hisa za baba zitabaki zake milele.


Mleta hoja:

Hilo la 90 nilikuwa nalijua kwa jina tu, wakati ule wa Bamburi. Kikaoni hakuna aliyelitaja, hata mimi. Wiki hii tunakutana tena na nimemwomba mweka hazina, yule niliyempinga, atupe ajenda ya kwanza: katika kila kampuni tuliyonayo, nani ana hisa ngapi. Majina na asilimia, kabla ya kutaja bei yoyote.