Mashine ya vinywaji vya unga: unga unaganda na chokoleti inatoka nyepesi, naomba ushauri

Mhudumu wa Zamu (mleta mada)

Ndugu wanajukwaa, habari za wakati huu.

Ninasimamia kantini ndogo inayohudumia wafanyakazi wa zamu za mchana na usiku. Wiki tano zilizopita tulifungiwa mashine ya vinywaji moto vya unga yenye makopo matatu: la chokoleti, la kahawa yenye maziwa, na la maziwa matupu. Mtu anaweka kikombe, anabonyeza kitufe, kinywaji kinashuka. Wiki mbili za mwanzo ilifanya kazi vizuri mno, hata watu wa zamu ya usiku, ambao zamani walikuta maji kwenye chupa yamekwisha kupoa, walikuwa wakipita dirishani kunishukuru.

Sasa hali imebadilika. Chokoleti inatoka nyepesi, karibu maji yenye rangi, ilhali kopo limejaa. Nikifungua mlango wa mbele nakuta mdomo wa kopo, pale unga unapodondokea, umezibwa na donge gumu ambalo nalazimika kulikwangua kwa mpini wa kijiko. Nalisafisha asubuhi, na saa nane mchana limejirudia. Pili, wakati wa mapumziko, vikombe kumi hivi vya kwanza vinatoka moto, lakini vinavyofuata ni vuguvugu na unga unaelea juu kama pumba. Tatu, kila asubuhi kuna harufu ya maziwa yaliyochacha. Aliyeifunga alituonyesha vitufe kwa muda mfupi akaondoka, na sasa ushauri wake pekee ni kwamba tununue unga wa aina nyingine.

Mashine imekaa juu ya meza, mgongo umegusana na ukuta, na umeme unatoka kwenye kebo ya kuongezea ambayo pia inalisha jokofu. Maji yanatoka bombani moja kwa moja. Watu hawa wanakitegemea kikombe hicho saa tisa za usiku, na inaniuma kuwapa maji ya vuguvugu. Mwenye uzoefu anieleze nianzie wapi. Naomba kuwasilisha.

Koki Kuu

Mkuu, kabla ya yote iondoe mashine kwenye kebo hiyo leo hii. Soma kibandiko cha nyuma uone inakula wati ngapi. Ikiwa ni wati 3,000 kwenye umeme wa volti 230, hizo ni ampea 13, yaani soketi ya ampea 13 imefika kikomo hata kabla jokofu halijaanza kunguruma. Ipe soketi yake yenyewe, na umwite fundi umeme apime kama waya wa ethi unafanya kazi, kwa sababu ndani ya sanduku hilo maji na umeme vinakaa pamoja. Ukishika plagi ukaikuta ina joto, usisubiri kesho.

Fundi Bakuli

Mleta mada, unga wako hauna kosa. Tatizo lako ni mvuke, na nina hakika karibu kila unachokieleza kinaanzia hapo.

Fikiria kinachotokea ndani. Parafujo iliyo chini ya kopo inazunguka kwa sekunde chache na kuusukuma unga hadi mdomoni, unga unadondoka kwenye bakuli la kuchanganyia, maji ya karibu nyuzi 90 yanaingia, kisha pangaboi dogo lililo chini ya bakuli linavipiga pamoja kwa kasi kubwa kabla kinywaji hakijashuka kikombeni. Maji hayo yanatoa mvuke, mvuke unapanda, na kilicho juu yake moja kwa moja ni mdomo wa kopo. Unga wa chokoleti una sukari na mara nyingi maziwa, na vyote viwili hunyonya unyevu upesi. Donge likishaota, parafujo inazunguka muda uleule iliopangiwa, lakini unga hauna pa kupitia. Ndiyo maana kinywaji ni chepesi na kopo limejaa.

Watengenezaji wanalijua jambo hili, kwa hiyo huweka feni ndogo inayofyonza mvuke kando ya bakuli, huupitisha kwenye kisanduku kinachonasa unga unaopeperuka, na kuutoa nje. Ukiibana mashine ukutani, mara nyingi feni hiyo haina pa kupulizia. Ivute mbele, kijitabu chake kitakuambia umbali, lakini sentimita 10 ni mwanzo mzuri. Kisha fanya jaribio hili: chukua kipande cha tishu, kishike mbele ya tundu la mvuke mashine ikiwa imewashwa. Feni ikiwa hai, tishu itavutwa na kung'ang'ania hapo. Isipovutwa, kitafute kisanduku hicho ukisafishe.

Swali moja: je, unaisikia mashine ikitokota hata pasipo mtu aliyebonyeza kitufe? Nauliza kwa sababu tangi la mashine nyingi za aina hii halina shinikizo, na maji huchemka kwenye joto dogo zaidi kadiri unavyopanda juu ya usawa wa bahari, takribani nyuzi moja pungufu kwa kila mita 300. Kwenye mita 2,000 maji huchemka kwenye nyuzi 93 hivi. Themostati ikiwekwa nyuzi 96 mahali kama hapo, maji hayatafika 96 kamwe, hita haitazima, na tangi litachemka mchana kutwa likipeleka mvuke kwenye unga wako.

Mhudumu wa Zamu (mleta mada)

Ndugu Fundi Bakuli, nimefanya kama ulivyoelekeza. Tishu haikutikisika hata kidogo. Kisanduku cha mvuke sikuwa na habari kama kipo. Nilipokivuta kilikuwa kimejaa uji mzito wa rangi ya kahawia, wiki tano nzima, na ile harufu ya asubuhi ilikuwa inatoka humo. Nilipokiosha na kukirudisha, tishu ilivutwa mara moja ikabandika.

Kuhusu kutokota, ni kweli, hata usiku kunasikika. Simu inaonyesha tupo mita 1,800 hivi, na themostati ilikuwa imewekwa nyuzi 97. Nimeishusha hadi 90 na mashine sasa imekaa kimya. Ila nina wasiwasi: si ndiyo vikombe vya foleni vitazidi kupoa?

Mpimaji

Kwa kipimo hicho, hapana. Maji yako hayakuwa yakivuka nyuzi 94 hata hapo awali, kwa hiyo umepoteza kidogo sana. Vuguvugu la foleni linatokana na hesabu nyingine. Kupasha lita moja ya maji kutoka nyuzi 20 hadi 90 kunahitaji takribani kilojuli 293. Hita ya wati 1,500 inahitaji dakika tatu na robo kwa kazi hiyo, yaani karibu nusu dakika kwa kila kikombe cha mililita 150. Watu wakibonyeza kila baada ya sekunde 15, mnamaliza kwanza maji moto yaliyokuwa tangini, kisha mnapewa maji ambayo hita haijayawahi. Mashine haijaharibika, imezidiwa. Jaza chupa mbili kubwa za kutunza joto dakika 20 kabla ya mapumziko, uziweke kando ya mashine, na foleni itagawanyika yenyewe.

Ukishamaliza usafi, pima unga upya. Ondoa bakuli, weka kikombe kikavu chini ya mdomo wa kopo, toa unga peke yake kwa kitufe cha majaribio, uupime kwenye mizani ya gramu. Rudia mara tatu. Vipimo vikitofautiana sana, bado kuna kizuizi au parafujo haijakaa sawa. Vikilingana, ndipo urekebishe sekunde hadi ufikie gramu zilizoandikwa kwenye pakiti kwa kiasi chako cha maji. Maji nayo yapime kwa jagi lenye alama, usiamini namba ya kwenye skrini. Siku mtakapobadilisha aina ya unga, rudia zoezi hili lote, kwa kuwa unga mwepesi na unga mzito hujaza parafujo ileile kwa uzito tofauti.

Bi Suuza

Mimi nimeendesha mashine kama hiyo kwa miaka mingi, na naomba uniamini kwamba kitufe cha kusuuza hakitoshi. Kinapitisha maji moto, basi. Utando wa maziwa unabaki nyuma ya pangaboi na ndani ya mrija. Kila siku kazi ikiisha, au kwenu ninyi wa zamu kila baada ya saa 24, zima mashine, vua bakuli, pangaboi na mrija, osha kwa maji ya moto na sabuni, sugua kwa brashi laini, suuza, kausha. Mabaki ya maziwa yakikaa kwenye joto la kati ya nyuzi 5 na 60, bakteria huzaana upesi, na watakaoumia ni hao hao wanaokushukuru dirishani.

Makopo ni habari nyingine. Ukiyaosha, yaache usiku kucha yakauke kabisa, pamoja na parafujo, maana tone moja lililobaki litakupa donge jipya. Usishindilie unga, na usimwage mpya juu ya wa zamani. Tena usilikwangue donge kwa mpini wa kijiko. Vua mdomo uuloweke.

Koki Kuu

Nyongeza kuhusu maji. Weka koki ya kufungia karibu na mashine, mahali mkono unapofika, na uifunge wakati wowote kantini inapobaki bila mtu, kwa sababu mpira wa maji ukipasuka usiku unaweza kumwaga maji hadi asubuhi. Chujio la mchanga ni la lazima, ila halizuii chokaa. Kama birika lenu la kawaida linaota ukoko mweupe, tangi nalo linaota, na valvu inazibwa kidogo kidogo hadi kikombe kinapungua maji. Hapo unahitaji chujio la kulainisha maji, na kuondoa ukoko kwa asidi ya sitriki kwa utaratibu wa kijitabu. Baada ya kumwaga tangi kwa kazi hiyo, usiwashe hita mpaka lijae tena. Hita ikiwaka kavu inaungua.

Mhudumu wa Zamu (mleta mada)

Nimerudi na majibu. Fundi umeme ametufungia soketi ya peke yake. Kipimo cha kwanza cha chokoleti, kabla sijauloweka mdomo wa kopo, kilitoa gramu 9, kisha 4, kisha 11. Baada ya kuuosha na kuukausha: 17, 17, 18. Leo ni siku ya nne na mdomo wa kopo ni mkavu, unga unadondoka kama mchanga. Chupa mbili za mapumziko zimesaidia sana. Limebaki jambo moja: nikivua bakuli naona unyevu kidogo nyuma yake, kwenye mhimili wa pangaboi.

Bi Suuza

Huo ni mpira wa muhuri umechoka au umekaa upande. Uvue, uukague kama una mpasuko, na ukiuona uweke mpya kabla maji hayajaingia kwenye mota. Nunua miwili, mmoja uuhifadhi kwenye droo ya kantini.