MJADALA: Tuwapime moyo watoto wote shuleni, au tutibu mafindofindo kwanza?

Mtoa hoja
Wadau, naomba tulijadili hili kwa hoja na takwimu.

Mdogo wangu aligundulika ana ugonjwa wa moyo akiwa na mimba ya miezi saba. Alikuwa halali chali, anahema kama aliyepanda mlima. Daktari akamuuliza mama kama utotoni aliugua koo. Mama akasema, "Mafindofindo tu, kama watoto wote." Tulimsukutulisha maji ya chumvi, yakaisha.

Koo lilipona, kinga yake ikabaki vitani. Bakteria wa koo, streptokokasi, ana protini zinazofanana na za moyo, hivyo kinga inayomfukuza inaweza kugeukia vali za moyo, yaani milango inayoongoza damu. Vali inavimba, inapata kovu, inabana au inavujisha damu. Koo likirudi, madhara yanaongezeka. Huku mtoto anaruka kamba, hana dalili yoyote.

Gulu, kaskazini mwa Uganda, watafiti walipima watoto 102,200 kwa eko ya moyo, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti. Wengi wa waliothibitika kuwa na madhara ya mwanzo kwenye vali wakagawanywa makundi mawili: wengine sindano ya penisilini kila wiki nne kwa miaka miwili, wengine bila sindano. Waliodungwa, hali ilizidi kwa 3 kati ya 399. Wasiodungwa, 33 kati ya 400. Matokeo yalitoka 2021.

Kwa hiyo nasema: eko ifike shuleni.

Muuguzi wa zahanati
Pole sana kwa mdogo wako, dada. Ila soma namba hizo upande wa pili. Wale 400 wasiodungwa, 367 hawakuzidiwa. Na kati ya watoto laki moja na zaidi, waliothibitika ni 926. Mimi nina chumba kimoja na foleni ya kliniki ya wajawazito. Penisilini yenyewe imewahi kuadimika duniani kote. Nikianza kumdunga mtoto, mwezi wa nne wa tiba dawa ikakosekana, nimemsaidia nini? Koo la streptokokasi likipata penisilini ndani ya siku tisa, homa ya rumatiki, hiyo kinga kugeukia moyo, inazuilika. Hilo naliweza leo, bila mashine.

Baba wa watatu
Naungana na sista. Ile sindano inauma, mtu mzima anachechemea. Utamwambiaje mtoto wa miaka tisa asiyeumwa popote kwamba kila mwezi arudi?

Mtoa hoja
Sista, suala la dawa umenishinda. Nabadilisha hoja yangu: wilaya isipokuwa na penisilini ya uhakika, isipime. Kumwambia mzazi mwanao ana tatizo kisha umrudishe mikono mitupu ni ukatili.

Ila kwenye koo bado nakataa. Wagonjwa wengi wa vali hawakumbuki kuumwa koo kabisa. Aliyeumwa kidogo haji kwako, na vali ikishaharibika dawa ya koo hairudishi kitu. Kwa hesabu ya Gulu, ukidunga watoto 13 hivi kwa miaka miwili unamwokoa mmoja asizidiwe. Kwenye dawa ya bei ndogo, hiyo ni kubwa. Na mashine si lazima ashike daktari bingwa; huko huko Gulu wauguzi walifundishwa kupima kwa mashine za mkononi, wakawapata wengi, ingawa wapo waliowakosa.

Kaka, mtoto wa miaka tisa ningemwambia ukweli, kisha ningemshika mkono kila mwezi. Mdogo wangu sasa ana vali ya chuma. Anameza dawa ya kuzuia damu kuganda kila siku, anapimwa damu mara kwa mara, na mimba nyingine ameonywa ni hatari kwake na kwa mtoto. Ana miaka 24.

Muuguzi wa zahanati
Tuanze basi na shule moja, dada. Penisilini ya miaka miwili iwe imeshafika kabatini kwangu kabla mtoto wa kwanza hajavua shati.