Likizo ndefu ivunjwe au siku za masomo ziongezwe? Naomba ushauri kabla ya kikao

MzaziMpole: Wakuu, habari zenu. Shule ya kitinda mimba wangu imetuletea wazazi mapendekezo mawili tuyapigie kura. La kwanza, likizo ndefu ivunjwe: wasome wiki 9, wapumzike wiki 3, mwaka mzima. La pili, ratiba ibaki kama ilivyo ila ziongezwe siku 20. Sababu yao ni kwamba watoto wakirudi likizo wanakuwa wamesahau. Hapo siwabishii, wangu alifunga shule akigawanya kwa njia ndefu bila kusaidiwa, amerudi anahesabu vidole. Shida ni kwamba dada yake yuko sekondari, na huko ratiba haiguswi. Nichague lipi?

ChakiNyeupe: Mkuu, mimi ni mwalimu. Kusahau kupo. Harris Cooper na wenzake walikusanya tafiti za Marekani mwaka 1996, wakakuta likizo ndefu inakula kama mwezi mmoja wa masomo, hesabu ikiumia zaidi. Ila piga hesabu ya 9 kwa 3: mizunguko minne ni wiki 36, yaani siku 180, zilezile za shule nyingi za Marekani zenye likizo ndefu. Hakuna kilichoongezwa. Kule Wake County, North Carolina, shule 22 zilihamia ratiba ya namna hiyo mwaka 2007. Watafiti McMullen na Rouse walipozichunguza hawakuona tofauti ya maana kwenye matokeo.

BabaPacha: Matokeo siyo kila kitu, mwalimu. Mtoto anapumzika kabla hajachoka, na aliyebaki nyuma anafundishwa zile wiki 3 badala ya kusubiri mwaka uishe. Mimi kura yangu 9 kwa 3.

Mamaa: Ana dada sekondari, umesoma vizuri? Nimepitia hayo. Mmoja yuko likizo anataka kucheza, mwenzake ana mtihani kesho. Likizo ya familia sahau. Na wiki 3 mara nne kwa mwaka, nani anabaki na mtoto nyumbani?

Tulivu: Hizo siku 20 nazo zichunguzeni. Ujerumani Magharibi mwaka 1966 na 1967, majimbo mengi yalipohamisha mwanzo wa mwaka wa shule, wanafunzi walipita miaka miwili mifupi yenye jumla ya masomo pungufu. Mtafiti Pischke alikuta waliorudia darasa waliongezeka, lakini mishahara ya wanafunzi wa miaka hiyo walipokuwa watu wazima haikushuka. Kwa hiyo siku zina uzito, ila usizitegemee zifanye miujiza. Uliza zinaingia wapi kwenye ratiba.

MzaziMpole: Nimeuliza kwenye grupu la wazazi. Eti zote 20 zinakaa baada ya mtihani wa mwisho wa mwaka 😂

ChakiNyeupe: Baada ya mtihani? Hapo watoto watafagia madarasa na kuangalia video.

MzaziMpole: Basi mapendekezo yote mawili nayapigia hapana. Nitaomba hizo siku 20 zisogezwe kabla ya mtihani, na waseme walimu watalipwa nini kwa siku hizo. Wakikubali masharti hayo mawili, kura yangu ya siku 20 wanayo.