Naomba ushauri: shabaha za karabini ya .22 zimeanza kutuchosha

Jambo wandugu. Tuko watu wachache hapa Lubumbashi, tunapiga shabaha kwa karabini za .22, bunduki za risasi ndogo (vibali vipo, nasema mapema), kwenye shamba la baba mdogo, njia ya Kipushi. Nyuma ya shabaha kuna kichuguu kirefu kuliko nyumba, kwa hiyo usalama si shida. Shida ni kuzoea. Mita 50, umelala, karabini iko juu ya mfuko wa mchanga: matundu yote mahali pamoja, kisha watu wanaanza kuuliza nyama imeiva?

Mimi napendekeza silueti, mchezo uliotoka Meksiko. Vipande vya chuma vyenye umbo la wanyama: kuku kwa mita 40, nguruwe 60, bata mzinga 77, kondoo dume 100, na unapiga umesimama, bila kuegemea kitu. Kusimama tu kunatosha kumnyamazisha mwenye kujisifu. Halafu mwezi wa nane, upepo wa kiangazi unaisukuma ile risasi ndogo hadi kondoo anabaki anakutazama. Utamu uko hapo.

Papa mmoja anakataa chuma, anaogopa vipande vya risasi kuturudia, na hoja yake ni ya kweli. Kwa hiyo: fundi anikatie chuma cha unene gani, na kisimame ili kianguke kikipigwa, au kining'inie? Na risasi ni ghali. Mnajua mchezo wa risasi 5 tu kwa mtu lakini unaotoa jasho? Chupa msinitajie, ng'ombe wanapita pale.

Aksanti.