Zamu za kulala na Baba

Rehema: Nimetoka kuongea na daktari. Baba hajachanganyikiwa kwa sababu ya uzee. Figo zimegoma ghafla, uchafu uliotakiwa kutoka na mkojo umebaki kwenye damu na umefika hadi kwenye ubongo.

Rehema: Nataka majina, leo usiku na kesho. Atakayelala naye aangalie mfuko wa mkojo. Ana kilo 60, chini ya mililita 30 kwa saa ni kidogo mno. Akisinzia kupita kiasi, viganja vikipigapiga akinyoosha mikono, au akipata degedege, mwite nesi hapo hapo.

Seif: Akisahau deni langu mwacheni 😂

Mwanaidi: 😂😂

Rehema: Seif, zamu.

Juma: Figo na ubongo wapi na wapi?

Rehema: Vinategemeana. Maji yakipungua mwilini, ubongo hutoa homoni ya kuziamuru figo zibakize maji, na neva hubana mishipa ya damu ya figo. Kubana kukizidi, figo zenyewe zinakosa damu. Zikigoma, dawa zinazotoka kwa njia ya figo zinarundikana na kumlevya, kama ile gabapentini yake. Leteni dawa zote za chumbani kwake.

Mwanaidi: Na diklofenaki za maumivu ya goti, zinazoumiza figo, nani vile alimletea?

Juma: Dada usianze.

Mwanaidi: Hata wakati wa Mama mliniambia nisianze.

Baba Mkubwa: Wanangu, mdogo wangu anaumwa. Mama yenu mwacheni apumzike. Juma, dawa ya maumivu usimpe tena mpaka daktari aseme. Mwanaidi, jioni uje unichukue.

Juma: Sawa Baba Mkubwa.

Mwanaidi: Nimesikia Baba.

Rehema: Kingine. Huenda kesho wakamsafisha damu. Mara ya kwanza wataifanya fupi na taratibu. Urea, yaani ule uchafu wa mkojo, ikitoka kwenye damu upesi kuliko kwenye ubongo, maji yanaingia ubongoni, unavimba. Asije mtu kugombana na manesi kwamba wamemtoa mashineni mapema.

Halima: Ndiyo kwanza nashika simu. Atatutambua tena?

Rehema: Figo zikirudi, wengi akili hutulia, ila mtu mzima huchelewa. Ongeeni naye, mtajieni siku na mahali alipo, mvalisheni miwani yake.

Halima: Miwani ninayo mimi.

Rehema: Ilete leo. Na usiku nani?

Seif: Mimi mpaka saa sita.

Rehema: Baada ya hapo?

Rehema: Juma?

Halima: Kesho labda mimi, nitawaambia.