Waliboli: mpira umegonga kuta mbili ndo ukadondoka, pointi ya nani?

Mpokeaji_wa_Kushoto:

Wakuu habari zenu. Naombeni msaada kwa yeyote anayeujua huu mchezo vizuri maana jana tumeachana tumenuniana na sitaki ijirudie. Sisi tuko sita, voliboli ya kawaida tumecheza miaka mingi, sasa mwezi uliopita tukapata nafasi kwenye korti ya ndani ile ya raketiboli, yaani boksi zima kuta nne na dari juu, tukafunga wavu katikati tukaanza watatu kwa watatu, ndo hii waliboli, yaani voliboli ya kuchezea ndani ya kuta. Mchezo mtamu jamani, mpira hauendi popote, hakuna kukimbia kuokota, unacheza mpaka jasho linakuingia machoni. Shida ni sheria, kila mtu ana za kwake.

Jana ilikuwa hivi. Tunaongoza 14 kwa 13, tunacheza hadi 15, mwenzangu kasetiwa, yaani katengewa, mpira mzuri karibu na wavu akaupiga kwa nguvu zote, ukavuka ukagonga ukuta wa kulia upande wao, ukachomoka ukaenda kugonga ukuta wao wa nyuma halafu ndo ukadondoka chini. Hakuna aliyeugusa. Sisi tukashangilia tumemaliza, wao wakasema nje, 14 kote. Tulibishana dakika kumi nzima hadi muda wetu wa korti ukaisha.

Pia naomba kujua haya, ukuta wetu wenyewe wa nyuma tunaruhusiwa kuutumia? Dari je? Na mpira ukigonga ukuta hiyo inahesabika kama mguso mmoja kati ya ile mitatu ya kila timu? Kuna jamaa kwetu anapiga mpira ukutani unamrudia anapiga tena, anadai ukuta umemsaidia kama mwenzake. Mi naona si haki ila sina cha kumjibu.

---

KonaYaNyuma:

Mkuu pole, na samahani kwa jibu, ule mpira ulikuwa nje, walikuwa sahihi. Na ulikuwa nje kwa sababu mbili kwa mpigo, umegonga kuta mbili upande wao bila kuguswa, na mmoja kati ya hizo ni ukuta wao wa nyuma. Ukuta wa nyuma wa mpinzani ndo kama ule mstari wa mwisho wa voliboli ya kawaida, mpira ukitoka kwenu ukaugonga kabla ya kugusa chini au kuguswa na mtu wao, umetoka. Haijalishi umepita ukuta wa pembeni kwanza au umekwenda moja kwa moja.

Kanuni ninayowafundisha wageni ni hii: mpira unaoupeleka kwa wenzio una ruhusa ya ukuta mmoja tu, na lazima uwe wa pembeni. Ukigonga wa pili umekufa palepale, hata kama baadaye mtu ataudaka vizuri namna gani. Na ukishaguswa tu na mtu wa upande ule mwingine hesabu inaanza upya, sasa ni mpira wao, ukimgonga mkononi ukaenda ukuta wao wa nyuma unaendelea kuchezwa kama kawaida.

Kwa upande wenu mambo ni mapana zaidi. Ukuta wenu wa nyuma ni wenu, mtu akipokea vibaya mpira ukaenda nyuma, unasubiri urudi unauchukua. Ukigonga na wa pembeni ukiwa bado kwenu pia sawa, ilimradi usivuke wavu kutokea huko bila mtu kuugusa tena. Hapo ndo watu wa voliboli ya kawaida wanapochelewa kuzoea, wanauona mpira umewapita wanakata tamaa, kumbe ukuta unaurudisha. Geuka, utazame ukuta, piga magoti kidogo, mikono chini. Mpira ukitoka ukutani unakuwa umepungua kasi na unashuka haraka kuliko unavyodhani kwa hiyo ukisimama wima umechelewa.

Kuhusu mguso, ukuta sio mchezaji. Mnabaki na miguso mitatu yenu na ukuta hauhesabiki kabisa, hauwaongezei wala hauwapunguzii. Ndo maana huyo jamaa yenu anafanya faulo, mtu mmoja haruhusiwi kupiga mara mbili mfululizo na ukuta ukiwa katikati haubadilishi kitu. Kama ukuta ungekuwa "mwenzake" basi na yeye angekuwa ametumia miguso mitatu peke yake kila mara. Mwambie hivyo ataelewa. Isipokuwa bloku, ile ya kuzuia pigo la mpinzani pale kwenye wavu, kama kwenye voliboli, aliyebloku anaweza kuugusa tena mpira unaofuata.

---

Seta_Mfupi:

Nakubaliana na KonaYaNyuma karibu kote, naongezea kuhusu dari maana hapo ndo pana utata na pasipokubaliwa mapema mtanuniana tena.

Dari ya upande wa mpinzani haina ubishi, ukiigonga ni nje. Dari ya upande wenu ndo inategemea mnacheza kwa sheria za wapi. Wengine wanasema dari yoyote ni mwisho wa mpira. Wengine wanaruhusu, mpira wa kwenu ukigonga dari ukashuka kwenu mnaendelea, ukivuka wavu ndo umekufa. Hata voliboli yenyewe haikubaliani hapo, sheria za kimataifa zinasema mpira ukigusa dari umetoka, lakini vyuo vya Marekani vinaruhusu ukigonga dari juu ya upande wenu na bado mna mguso. Na waliboli imezaliwa hukohuko Marekani, Calabasas jimbo la California mwaka 1979, na Joe Garcia aliyekuwa anaendesha klabu ya raketiboli, kwa hiyo si ajabu watu wameichukua na ruhusa hiyo.

Sisi tunaruhusu dari yetu na nawashauri mfanye hivyohivyo mkiwa watatu watatu. Korti ni futi 40 kwa 20 na kimo futi 20, kama mita 12.2 kwa 6.1, sasa ukigawa kwa wavu katikati kila upande unapata boksi lenye pande zote sawa, mita sita upana, mita sita urefu, mita sita kwenda juu. Pasi ya kwanza ya mpira mkali inafika dari kirahisi sana na mkisema kila ikigusa ni pointi mnaua raha ya mchezo, raha yenyewe ni mpira kukaa hewani.

Halafu mkuu wavu wenu mmefunga urefu gani? Wanaume kawaida ni kama mita 2.4 na wanawake kama 2.24, sawa na voliboli. Nimeona watu wanafunga chini kwa vile korti ni ndogo, halafu kila pigo linakuwa risasi na hakuna anayepokea. Angalia na hizo ndoano za kufungia wavu ukutani zisitokeze, nilishaona mtu kachanika kiganja kwa kukimbilia mpira wa pembeni karibu na wavu. Hiyo korti ukuta haukupishi, ukikimbia tanguliza mikono, na mlango ufungwe mpaka usikie umekaa.

---

Mzee_wa_Bloku:

Vijana mmemjibu vizuri kuhusu sheria ila hamjamwambia kwa nini ule mpira ulitoka, na asipojua hilo kila wakifika 14 atarudia kosa lile lile.

Chukua mfano upo katikati ya wavu unapiga kuelekea ukuta wa kulia. Toka ulipo mpaka ukutani ni mita tatu. Ukilenga ukuta mita tatu ndani ya upande wao, yaani katikati ya ukuta, mpira unatoka ukutani kwa pembe ileile ulioingilia, ukienda mita tatu nyingine kwenda kati umeshakwenda mita tatu nyingine kwenda nyuma, tayari upo kwenye ukuta wa nyuma. Kwa hiyo usipokuwa umeshadondoka chini hapo katikati, nje. Mwenzio alipiga mpira wa kunyooka na wa nguvu, hauwezi kudondoka.

Dawa ni mbili. Lenga ukuta karibu zaidi na wavu, mita moja na nusu hivi, mpira unakata kuja katikati ya korti miguuni mwao, au piga kwa kushusha ugonge ukuta kwenye usawa wa goti kwenda chini. Ule wa goti ndo mbaya kuliko yote, unagonga ukuta na sakafu karibu pamoja, unakufa pale pale wala hauinuki. Hauhitaji nguvu hata. Mimi siruki tena kama zamani, magoti yamechoka, lakini hiyo pigo ya taratibu ya kona ya ukuta na sakafu bado inanipa pointi mbele ya vijana wanaonizidi kimo kwa kichwa kizima.

Na kwa wanaokaa nyuma jifunzeni kuacha. Hii inauma mwanzoni, mpira unakuja kwa kasi usawa wa kifua na mwili wote unataka kuuzuia. Kama umepanda na haushuki, ondoa mikono, geuza bega upite, uugonge ukuta nyuma yako, pointi yenu. Sisi tunapiga kelele "acha!" na anayepiga kelele ni yule aliye mbele ambaye ameona pembe tangu mpira unatoka mkononi kwa mpigaji, aliye nyuma hana muda wa kufikiri. Lakini ukishaita acha na mpira ukadondoka ndani, usimlaumu aliyeacha.

---

Mpokeaji_wa_Kushoto:

Asanteni sana wakuu, Mzee shikamoo, hiyo hesabu ya mita tatu nimeichora kwenye karatasi nikaona kabisa mpira wa jana unavyokwenda. Nimeshawatumia wenzangu ujumbe nimekubali ilikuwa 14 kote.

Bado mawili. Sevu, yaani pigo la kuanzisha mpira, inafuata sheria hiyohiyo ya ukuta mmoja? Na kuna mpira mmoja uligonga ukuta wa kushoto upande wetu, ukavuka wavu, ukagonga ukuta wa kulia upande wao, ukadondoka ndani. Mi nilihesabu ukuta mmoja tu kwao, wao wakasema kuta mbili. Na pointi, tuhesabu kila mpira au ile ya zamani, anayesevu tu ndo anapata pointi?

---

KonaYaNyuma:

Sevu ni ileile, ukuta mmoja wa pembeni, sio dari, sio ukuta wao wa nyuma. Unasevu ukiwa kwenye ile sehemu ya nyuma, kama futi tatu kutoka ukuta wako wa nyuma, na mpokeaji ana haki ya kuusubiri ugonge ukuta ndo aupokee. Kubloku sevu hakuna. Kwenye watatu watatu sevu inayogonga ukuta mbali kidogo baada ya wavu ni silaha kubwa sana kwa sababu mpokeaji anakuwa ameshaanza kusogea upande mmoja na mpira unarudi upande wa pili.

Huo wa kuta mbili zinazotazamana mimi nahesabu mbili, mpira ni mmoja umetoka kwa mpigaji mmoja na haujaguswa na mtu, kwa hiyo kuta zote ulizopita ni za pigo hilo. Nje.

---

Seta_Mfupi:

Hapo kwenye kuta mbili tulikuwa tunahesabu za upande wa mpinzani tu, lakini nakubali ya Kona ni rahisi kuamua bila refa, unahesabu kuta tokea mkononi basi. Andikeni kwenye karatasi mbandike mlangoni, dari hivi, kuta hivi, ubishi unaisha kabla ya sevu ya kwanza.

Pointi hesabuni kila mpira. Voliboli iliachana na ile ya anayesevu tu mwishoni mwa miaka ya 1990, na ninyi mna muda wa korti wa kubanana, kwa ile ya zamani mnaweza kusevu robo saa hamjapata pointi mbili. Ila mkihesabu kila mpira 15 zinaisha haraka, nendeni 21 au 25, na mshindi azidi kwa mbili.

---

Mzee_wa_Bloku:

Marahaba kijana. Moja nililosahau, mpira mnatumia upi? Kama ni ule wa ngozi wa voliboli ya kawaida tafuteni wa raba, wa waliboli, saizi ni ileile ila unatoka ukutani vizuri zaidi. Wa ngozi ukigonga ukuta unazubaa, na hesabu niliyokupa haitakaa sawa.

---

Mpokeaji_wa_Kushoto:

Wa ngozi mkuu, na umechakaa. Ndo maana ukuta wetu wa nyuma ulikuwa haurudishi kitu! Huo wa raba naufuatilia kabla ya Jumamosi, na karatasi ya mlangoni naiandika leo, jamaa wa kupiga mara mbili nimemuwekea mstari wa kwanza kabisa.